Gomberg alijuaje kuwa amepata radikali huru?

Mwanafunzi_Ualimu: Shikamooni wakubwa zangu. Ninaandaa somo la radikali huru, yaani chembe zenye elektroni isiyo na mwenzake, nami ninaanzia kwa Profesa Moses Gomberg wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwaka 1900. Wakati huo ilikubalika kwamba kaboni hushika vifungo vinne. Bila vifaa vya leo, alithubutu vipi kutangaza kaboni yenye vifungo vitatu?

Mkemia_Mstaafu: Marahaba. Alitegemea mizani na mchanganuo. Alikusudia kutengeneza heksafeniliethani, yaani kaboni mbili zilizoungana, kila moja ikiwa imezungukwa na pete tatu za kaboni sita, kwa kuiondoa klorini kwenye trifenilimethili kloridi, akitumia madini ya fedha au zinki. Alipata mango jeupe ambalo lilipaswa kuwa na kaboni takriban asilimia 94, lakini vipimo vilitoa 88 tu. Wengi wangesingizia uchafu. Yeye aling'ang'ania tofauti ile mpaka akathibitisha kwamba ni oksijeni iliyoingia kutoka hewani. Akairudia kazi nzima ndani ya kabonidioksidi, na safari hii akapata myeyusho wa njano uliodaka oksijeni na iodini upesi mno, jambo ambalo heksafeniliethani, iliyotarajiwa kuwa tulivu, isingelifanya. Ndipo akahitimisha kwamba ana nusu ya molekuli hiyo, yenye kaboni ya vifungo vitatu tu.

Mwalimu_Kemia: Naomba kuongezea jambo ambalo wanafunzi hulipenda sana. Ukiutikisa myeyusho huo na hewa kidogo, unjano hupotea, kisha ukiuacha utulie, rangi hurudi yenyewe. Radikali nyingi zimo humo zikiwa zimeungana mbilimbili, bila rangi. Oksijeni inapozimaliza zilizo huru, baadhi ya jozi huachana na kutoa nyingine. Ni msawazo, yaani kuungana na kuachana kunakokwenda sambamba, unaoonekana kwa macho.

Mwanafunzi_Ualimu: Nashukuru sana. Basi jozi hiyo ndiyo heksafeniliethani aliyoitafuta?

Mkemia_Mstaafu: Hapana, ingawa kwa miongo mingi wakemia waliamini hivyo. Mkemia Jacobson alipendekeza muundo mwingine mwaka 1905, na mwaka 1968 watafiti wa Uholanzi wakathibitisha kwamba ndio sahihi: kaboni ya katikati ya radikali moja hujishika kwenye pete ya mwenzake, kwa kuwa pete tatu zinazoizunguka kila kaboni ya katikati haziziachii hizo mbili nafasi ya kukutana. Usiache pia kuwataja wanafunzi wa Gomberg. Gomberg alifundisha Michigan hadi alipostaafu mwaka 1936, na mmenyuko alioutangaza mwaka 1924 pamoja na Werner Bachmann, aliyekuwa mwanafunzi wake, unaitwa hadi leo kwa majina yao wote wawili.