Njia yetu ya kwendea pwani imezibwa na ukuta wa hoteli: tuanzie wapi?

Mkulima wa Mwani (Kusini Unguja) aliuliza:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mkulima wa mwani katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki, Wilaya ya Kusini, na ninaandika kwa niaba yangu na ya wanawake wenzangu kumi na mmoja tunaolima sehemu moja. Mama yangu alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kufunga mbegu kwenye kamba, pale kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989. Njia aliyoipita yeye kutoka kiamboni, yaani makaazi ya ukoo wetu, hadi majini ndiyo tuliyokuwa tukiipita sisi mpaka mwaka jana. Ni njia ya mtu na punda wake, inayokatiza baina ya minazi, wala haizidi mwendo wa dakika tano.

Mwaka jana ilijengwa hoteli mpya na njia ile ikaingia ndani ya ukuta. Lango limewekwa, lakini mlinzi hutuuliza tunakwenda kwa nani, na alfajiri halifunguliwi kabisa kwa kuwa wageni wamelala. Wanaolima mwani wanajua kwamba saa ya kazi hatuipangi sisi, inapangwa na maji. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kukupwa sana, linapoanza, maji huwa yanakupwa tangu alfajiri, na lazima tushuke nayo, la sivyo siku hiyo imepotea. Kwa sasa tunazunguka ukuta mzima, mwendo wa karibu nusu saa, na wakati wa kurudi tumejitwika magunia ya mwani mbichi yanayotiririka maji ya chumvi hadi machoni. Wawili kati yetu, ambao ni watu wazima, wameshaacha.

La pili ni picha. Tunapokuwa tumeinama majini na nguo zimetuganda mwilini, wageni hutujia na simu zao na kutupiga picha bila hata salamu. Mwenzetu mmoja alionyeshwa picha yake na mwanawe kwenye mtandao, akiwa amelowa hadi kifuani, na tangu siku hiyo anapanda mwani huku akigeuka nyuma kila mara. Kwetu hata jirani wa miaka thelathini hupiga hodi na kungoja aitikiwe, na sisi tunaliona shamba letu la majini kuwa ni mlango kama milango mengine.

Sitaki kuambiwa kwamba tuwafukuze wageni. Mdogo wangu anafanya kazi jikoni katika hoteli nyengine, na mshahara wake ndio unaowaweka skuli watoto watano wa ukoo wetu. Ninachouliza ni hiki: sheria inasemaje kuhusu njia kama ile, tumwendee nani kwanza, na je, kipo kijiji chochote hapa visiwani kilichowahi kusimama juu ya jambo kama hili na kikasikilizwa?

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Waaleikum salaam, mwanangu. Swali lako lina mizizi mirefu, na ukiifahamu mizizi hiyo utajua pia pa kushika.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi yote ya Zanzibar ilifanywa mali ya umma, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992 iliendeleza msingi huo. Mwekezaji hanunui ardhi, hukodishwa na Serikali kwa muda mrefu. Lakini sisi watu wa kusini na mashariki tulikuwa na utaratibu wetu kabla ya sheria zote hizo, ambamo kiambo kilikuwa cha ukoo, uwanda ulikuwa wa kijiji kizima, na mti ulikuwa na mwenyewe mbali na ardhi uliposimama. Mtu aliweza kumiliki minazi kumi katika ardhi ambayo hakuna aliyewahi kusema kwamba ni yake peke yake.

Hoteli zilipoanza kuja kwa wingi katika miaka ya tisini, kilichohesabiwa kwa ajili ya fidia ni kile kilichoonekana kuwa na mwenyewe, yaani minazi, miti mengine na majengo. Nilikuwepo siku moja mashina yakipigwa alama za chaki katika kijiji nilichokuwa nikisomesha, na wazee walipokea fedha zao kwa furaha, kwa sababu kila mmoja alilipwa kwa minazi yake na aliamini kuwa ameuza minazi. Njia haikuwa na mnazi, kwa hivyo hakuna aliyeihesabu. Uwanja wa kuanikia nyavu haukuhesabiwa. Mashimo ya pwani ambamo mama zetu walifukia makumbi, yaani maganda ya nazi, ili wapate usumba wa kusokota kamba hayakuhesabiwa pia, ingawa yalilisha nyumba nyingi kuliko minazi yenyewe. Ndiyo maana leo mkubwa wa hoteli anakwambia kwa moyo safi kabisa kwamba kila mtu alilipwa, nawe unamwambia kwa moyo safi vilevile kwamba umedhulumiwa, na nyote wawili mnasema mnachokijua.

Kuhusu sheria, ufukwe wenyewe si mali ya hoteli, na ujenzi unatakiwa uwe umbali wa mita 30 kutoka alama ya maji makuu, yaani pale bahari inapofika ikijaa. Anzeni kwa sheha wenu, kiongozi wa Serikali katika eneo lenu, kwa maandishi yenye saini zenu zote kumi na mbili, na nakala zifike kwa Mkuu wa Wilaya na Kamisheni ya Ardhi. Ombeni pia, kupitia Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, kuiona tathmini ya athari za kimazingira iliyofanywa kabla ya ujenzi, kwani katika tathmini ya namna hiyo wanakijiji hutakiwa kuulizwa. Mkiikuta njia yenu imetajwa humo, kazi yenu imekuwa nyepesi, na msipoikuta mtakuwa na swali zito la kuuliza: aliyeulizwa ni nani?

Nakuomba jambo moja. Msiende kama wanawake kumi na wawili peke yenu. Wavuvi wa pweza wanapita njia hiyo hiyo, nao wanasikilizwa haraka zaidi katika baraza za wanaume, jambo ambalo silipendi lakini ndivyo lilivyo.

Mpokezi wa Hoteli, Nungwi, alijibu:

Dada yangu, pole sana. Mimi ni mzaliwa wa Muheza, na huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Unguja. Ninaandika nikijua kwamba kwa baadhi yenu mimi mwenyewe ni sehemu ya tatizo, kwa sababu nimeitwa chogo, jina la dharau kwa watu wa bara, sokoni na hata na watoto ninaowanunulia madaftari.

Huyo mlinzi wa langoni, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni mtu kama mimi. Ameambiwa asipitishe mtu, na akikupitisha leo, kesho ni yeye atakayesimama nje. Hasira ya kijiji humwangukia yeye kwa sababu ndiye anayeonekana, wakati aliyeamua ukuta upite wapi pengine yuko mjini au nje ya nchi. Mkitaka lango lifunguliwe alfajiri, msigombane naye. Takeni mkutano na meneja, na mumtake sheha awepo.

Kwa upande wa picha, nimepokea maelfu ya wageni, na wengi wao wanapoambiwa huelewa. Tatizo ni kwamba hawaambiwi. Wanashuka uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, wanapanda gari, wanafikishwa hotelini, na mtu wa kwanza kuwaeleza habari za mavazi na picha ni mwanakijiji aliyekwisha kukasirika. Mimi humweleza kila mgeni mapokezini kwamba majini mtu huomba ruhusa kabla ya kupiga picha, na kwamba kijijini watu hujisitiri mabega na magoti, na huwa namkabidhi kanga kabla hajaomba. Paje kuna kituo ambacho wanawake wanatengeneza sabuni na mafuta ya mwani, na wageni hulipa ili wapelekwe shambani na wenyewe na kuelezwa kazi inavyofanyika. Mgeni aliyelipa na kuelezwa hampigi mtu picha kwa kuvizia. Fikirieni jambo hilo, kwa kuwa nyinyi mna ujuzi ambao hakuna hoteli inayoweza kuununua dukani.

Ila niseme wazi kwamba ninaona tunatumia maneno mengi mno juu ya mavazi. Hapa Nungwi, kinachochoma roho za watu zaidi ya bikini ni maji. Ripoti ya shirika la Uingereza liitwalo Tourism Concern ya mwaka 2012, iliyoangalia Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, ilionyesha kwamba nyumba moja ya mwanakijiji ilitumia wastani wa lita 93 kwa siku, huku chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kikitumia lita 3,195. Mama anayepanga ndoo usiku wa manane akingoja bomba, na ng'ambo ya ukuta anasikia majani yakimwagiliwa, hahitaji kuhubiriwa na mtu yeyote ili achukie. Ukuta huo huo uliozuia njia yako, dada, uulize unazuia nini chengine.

Mvuvi wa Chake Chake alijibu:

Umeuliza kama kipo kijiji kilichosikilizwa. Nitakupa habari ya Misali, magharibi ya Pemba, ambako baba yangu alipiga dago, yaani kambi ya uvuvi, kila msimu.

Kisiwa kile hakina maji ya kunywa wala wakaazi wa kudumu, lakini wavuvi wa shehia nyingi za Pemba hukitegemea. Wazee wametusimulia kwamba Nabii Khidhr alipofika aliomba msala wa kusalia, na alipoambiwa hakuna, akasema kisiwa hiki kilichoelekea kibla ndicho kitakachokuwa msala wake, na jina likatokana na hapo. Katika miaka ya tisini kulikuwa na mpango wa kumpa mwekezaji kisiwa kizima ili ajenge hoteli. Wavuvi walikataa, na hawakukataa kwa kelele tu. Walikuja na hesabu ya nani anavua wapi, kwa mtego gani na kwa msimu gani, na walikuja na habari ya msala, ambayo hata kiongozi asiyejua kuvua aliielewa. Hoteli hiyo haikujengwa. Mwaka 1998 Misali ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi, na wageni wakawa wanakuja mchana, wanaogelea kwenye matumbawe na kurudi walikotoka.

Nisikudanganye kwamba yote yamekuwa asali. Hifadhi hiyo ilileta pia eneo la magharibi ya kisiwa ambalo haturuhusiwi kuvua kabisa, na wapo waliopoteza sehemu zao nzuri na bado wana uchungu. Kwa hivyo mtakapokaa mezani, kila neno la makubaliano lisomeni nyinyi wenyewe, na muulize mnachoachia ni nini, kabla ya kuuliza mnachopata.

Jambo ninalolitilia mkazo ni ile hesabu. Wekeni katika karatasi nani anapita njia hiyo, saa ngapi, mara ngapi kwa mwezi, na amebeba nini. Wakubwa hukuta malalamiko kila siku, lakini karatasi ya namna hiyo si rahisi kuiweka pembeni.

Mkulima wa Mwani alirudi:

Nawashukuru nyote, na Mwenyezi Mungu awalipe. Nimewasomea wenzangu majibu yenu tukiwa tunaanika mwani, na tuliposikia habari ya minazi, mama mmoja alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba marehemu mumewe alilipwa kwa minazi saba pale pale ulipo ukuta.

Kaka yangu wa Muheza, neno hilo limetoka kinywani mwangu pia, si mara moja, na ninakuomba radhi. Mlinzi wa langoni tulikuwa hatumwamkii. Juzi nilimwamkia, nikaambiwa kwamba ana mama yake anayelima mpunga, na kwamba amri ya kufunga lango alfajiri hakupewa kwa maandishi.

Tumeanza karatasi. Upande mmoja tumeandika kila kilichokuwa hakina mnazi: njia, uwanja wa kuanikia, kisima cha kuoshea miguu na mashimo matatu ya makumbi ambayo bibi zetu waliyatumia. Upande wa pili tumeandika majina ya wanaopita, na wavuvi tisa wa pweza wamekubali kutia saini pamoja nasi. La maji ya bomba tumeliweka katika barua ya pili, ili la njia lisimezwe nalo.

Kuhusu zile mita 30, mjomba wangu ambaye ni nahodha ametuonya kwamba aliyekuja kupima alikuja siku ya maji mafu, ambapo bahari haifiki hata nusu ya pale inapofika kwenye bamvua kubwa. Sheha amekubali kuja nasi mwezi mwandamo utakapoonekana, maji yatakapojaa. Tutatia kigingi pale maji yatakapokoma, na kutoka hapo hadi ukutani tutapima kwa kamba zetu za mwani, meneja akiwepo kama atakubali kuja. Mwenye uzoefu wa kipimo cha namna hiyo kukubalika mbele ya Kamisheni ya Ardhi, tafadhali aniandikie kabla ya siku hiyo.