Mafundi wa magari, acheni kutubadilishia spea kwa kubahatisha. Nimechoka!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Leo naandika nikiwa na hasira na sitapunguza ukali.

Mafundi wetu wengi hawapimi gari. Wanabahatisha, halafu gharama ya kubahatisha kwao unailipa wewe. Na ugonjwa unaowaumbua kuliko yote ni ule unaokuja na kuondoka. Gari linazima barabarani, unasubiri lipoe, linawaka kama halikuwahi kuumwa. Unalifikisha gereji likiwa zima kabisa. Fundi anafungua boneti, anasikiliza sailensa kidogo, anafuta mikono, anakwambia, "Hii ni pampu."

Umejuaje kuwa ni pampu? Umepima nini?

Gari langu ni Toyota IST ya 2003, injini 1NZ. Na gari lenyewe sina ugomvi nalo. Lina zaidi ya miaka 20, nyaya na sensa zake zimekaa kwenye moto wa injini muda wote huo, lazima kitu fulani kichoke. Kenya wanazuia kuingiza gari lililozidi miaka 8, sisi huku tunaendesha haya haya makongwe kwa sababu ndiyo mfuko unaweza. Kwa hiyo kutafuta ugonjwa wa gari la zamani ndiyo kazi ya kila siku ya fundi wa nchi hii. Asipoijua hiyo, anajua nini?

Dalili zilikuwa hivi. Asubuhi natoka Kibamba hadi mjini, halina neno. Mchana nikirudi, foleni ya Ubungo, jua kali, AC imewashwa, injini imeshapata moto, linazima ghafla. Halikohoi, halipungui nguvu, halirukiruki. Linakata kama vile mtu amezungusha ufunguo. Napiga stata, inazunguka kwa nguvu zote, haliwaki. Nikikaa pembeni mpaka joto lishuke, linawaka kwa mara moja. Barabara ya Morogoro mnaijua, malori ya mikoani nyuma yako, bodaboda kushoto na kulia, watoto wako siti ya nyuma wanauliza kuna nini.

Maelezo hayo niliyatoa hivyo hivyo gereji ya kwanza. Hakuna aliyeyasikiliza. "Dada, wewe endesha tu, mambo ya injini tuachie sisi." Lakini kila neno nililosema lilikuwa ushahidi! Gari linalokosa mafuta kwa kawaida linakufa taratibu: linavuta kwa shida, linamisi, linakohoa, ndipo linazima. Linalokata kwa mpigo mmoja linakuelekeza kwenye umeme. Linalozima likiwa la moto na kuwaka likipoa linakuelekeza kwenye kitu kinachoachia kikipata joto. Hapo fundi angekuwa ameshapunguza nusu ya kazi kabla ya kushika spana.

Badala yake, jambo la kwanza alilofanya ni kuchomoa tamino ya betri "ili kompyuta ijipange upya". Taa ya injini ilikuwa imewaka siku iliyotangulia. Maana yake kompyuta ilikuwa imeandika kosa, na pengine ilikuwa imehifadhi hali ya injini ilivyokuwa wakati ule: joto, mwendo, mzunguko. Ukichomoa betri kabla ya kusoma, umefuta vyote. Mtu ameletewa barua yenye jibu, akaichana bila kuifungua, kisha akaanza kukisia kilichoandikwa ndani. Hili ndilo linaniuma kuliko hela.

Zikafuata plagi mpya. Throto (mlango wa hewa ya injini) ikasafishwa. Gari likazima. Wakafungua siti ya nyuma, wakatoa pampu ya mafuta, wakafunga nyingine kwa sababu "hii yako likizima haisikiki ikilia". Wakuu, bila shaka haisikiki! Kwenye magari haya kompyuta inairuhusu pampu iendelee kusukuma pale tu inapoona injini inazunguka. Isipoona, inaikata, ili gari likipata ajali lisiendelee kumwaga petroli. Pampu kunyamaza ilikuwa matokeo ya ugonjwa, wao wakaiita ugonjwa wenyewe. Na kuipima si kazi kubwa: unafunga geji kwenye njia ya mafuta, unaangalia presha. Kwa injini hii inatakiwa iwe kati ya psi 44 na 50. Ikiwa humo, achana na pampu. Geji hawakuwa nayo.

Pampu iliyotoka ilikuwa ya asili, ilikuja na gari kutoka Japani. Nilipoidai nikaambiwa imeshatupwa. Jamani, nani Dar es Salaam hii anatupa pampu nzima ya asili? Na niliyofungiwa inalia kama nzi kwenye chupa mpaka leo.

Likazima tena. Sasa ikawa zamu ya koili, zile zinazozipa plagi umeme wa cheche, zote 4 kwa mkupuo. Nikauliza, kama ni koili, zote 4 zimekufa kwa wakati mmoja na zinafufuka kwa wakati mmoja? Hakuna jibu. Koili moja ikichoka gari linamisi, linatetemeka, halizimi kimya kimya namna ile. Na hata mtu akishuku koili, kipimo chake hakina gharama: toa koili ya silinda ya 2 peleka ya 3, ya 3 rudisha ya 2, endesha. Kosa likihama kutoka P0302 (silinda ya 2 inamisi) kwenda P0303 (ya 3 inamisi), koili ndiyo mbovu. Lisipohama, tafuta kwingine. Hutoi hata shilingi moja.

Katikati ya hayo nikaenda kwa mtu wa mashine ya kusoma makosa ya kompyuta ya gari. Akachomeka, akachukua Sh 30,000 yake, akasema, "Haina kosa lolote, gari zima." Gari zima linazima Kimara? Mashine inasoma kilichoandikwa kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu ilikuwa imefutwa na wale wa tamino. Tena sensa inayokatika kwa muda mfupi tu si lazima iandike kosa. Kwa ugonjwa wa namna hii mashine unaiacha imechomekwa, unaingia barabarani, unaangalia namba zinavyotembea mpaka gari lizime, uone ipi imeanguka kabla ya wenzake. Kuchomeka dakika mbili gari likiwa limepaki kivulini na kusema zima, hiyo si huduma ya kulipisha. Na kwa asiye na mashine, Toyota nyingi za miaka hiyo ukiunganisha tundu la 4 na la 13 kwenye soketi ya kuchomeka mashine kwa kipande cha waya, ukifungua ufunguo, taa ya injini inapepesa na wewe unahesabu. Ikitoa 12 au 13, anza na mawimbi ya mzunguko wa injini. Fundi wa Toyota asiyejua hili amejifunzia wapi?

Gereji ya kwanza wakafika mwisho wao: "Kontroli boksi imekufa," yaani kompyuta yenyewe ya injini. Hapo nikachukua funguo zangu.

Aliyelitibu ni kijana mmoja fundi umeme, Mbagala. Hana bango, hana mashine ya maana, ana mita na testa. Alichosema kwanza ni hiki: "Dada, sifungui kitu mpaka lizime mimi nikiwemo ndani." Tukaingia barabara ya Kilwa mchana, AC imewashwa, tukakaa kwenye foleni tukilisubiri. Likazima. Akaniambia nipige stata huku yeye anaangalia dashibodi. Mshale wa RPM, ule wa mzunguko wa injini, haukunyanyuka hata kidogo. Stata ikiwa inazungusha injini, mshale ule unatakiwa uinuke kiasi; ukilala kwenye sifuri, kompyuta haina habari kuwa injini inazunguka. Akatoa koili moja na plagi yake, akaigusisha kwenye chuma, nikapiga stata: hakuna cheche. Kisha akachukua chupa ya maji ya kunywa, akainama upande wa mkanda, akaimiminia polepole sensa ya krenki, ile inayosoma mzunguko wa injini, pale karibu na puli. Akasubiri kidogo. "Piga." Mshale ukainuka, gari likawaka.

Hakuishia hapo, na ndiyo maana namheshimu. Alisubiri injini ipate moto tena, likazima, akachomoa soketi ya sensa akaweka mita. Njia imekatika. Likapoa, njia ikarudi. Akapima na nyaya kutoka kwenye soketi hadi kwenye kompyuta asije akabadilisha sensa kumbe waya ndio umekatika ndani. Waya mzima. Ndipo akasema kanunue sensa.

Ile sensa ni sumaku na uzi mwembamba wa shaba uliosokotwa, basi. Mbele yake inapita sahani yenye meno 34, na nafasi ya meno mawili imeachwa wazi ili kompyuta ijue krenki imefika wapi. Uzi ukipata ufa, joto linautanua unaachana, ukipoa unagusana tena. Kompyuta ikikosa mapigo yale haijui ichome plagi lini wala inyunyize petroli lini, kwa hiyo inakata cheche, nozeli na pampu kwa pamoja. Dalili zangu zote zimo humo, tangu siku ya kwanza. Na bei ya sensa ni ndogo kuliko ile pampu peke yake.

Sasa mafundi mliomo humu mtasema wateja hawataki kulipia upimaji, wanataka waone spea mkononi. Ni kweli wapo, nami nawalaumu. Mtu akitumia nusu siku kutafuta ugonjwa amefanya kazi, alipwe, hata kama mkononi hana kitu cha kukuonyesha. Yule kijana nilimlipa upimaji wake bila kubishana. Lakini hilo haliwapi ninyi ruhusa ya kuuza spea msizozipima. Kama hujaliona gari likizima, sema, "Sijaliona, niachie nizunguke nalo." Hakuna atakayekudharau. Na ukibadilisha kitu kisiposaidia, rudisha cha mwenyewe, kwa sababu kumbe kilikuwa kizima.

Kwa wenye magari: kabla hujatoa hela ya spea, muulize fundi ni kipimo gani kilichosema kitu hicho kibovu. Akikujibu "haya magari ndiyo ugonjwa wake", ondoka. Piga video ya dashibodi gari linapozima, mshale uonekane unapopiga stata. Usikubali betri ichomolewe kabla makosa hayajasomwa na wewe kuyapiga picha. Spea iliyotoka iwekwe miguuni pako kabla hujalipa.

Mimi Jumatatu narudi pale gereji kudai pampu yangu ya asili, na koili zangu 4 ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Wakikataa nitaandika hapa hapa yatakayotokea. Kama kuna aliyewahi kudai spea zake namna hii akarudishiwa, kwa njia ya serikali ya mtaa au polisi, aniambie alianzia wapi na alihitaji karatasi gani, kwa sababu risiti walizonipa zimeandikwa "matengenezo" tu.