Saidingi ya vinili iliyoyeyuka: msumari usiukaze

Swali, Minneapolis

Jamani, habari za siku. Jiko la kuchomea nyama liliwekwa karibu mno na ukuta wa nyuma, na sasa mabamba mawili ya saidingi, yale ya plastiki ya vinili yanayofunika ukuta kwa nje, yamejikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Fundi aliyekuja kuangalia ametaja bei ya kunyamazisha mtu. Mume wangu anasema atarekebisha mwenyewe. Kuna aliyewahi?

Jibu, Nairobi

Dada, pole. Huu ni mwaka wangu wa tatu tangu nirudi mtaa wa Umoja, lakini nyumba yetu ya huko huko Minnesota ilikuwa ya vinili, na ukuta mmoja niliutengeneza mara mbili. Mara ya kwanza nilikosea, na kosa hilo nataka shemeji alijue kabla hajashika nyundo.

Bamba lililoyeyuka halinyooki tena, litolewe. Kila bamba limeng'ata la chini yake kwa mdomo uliopinda, na ukingo wake wa juu, wenye matundu marefu ya misumari, umefichwa na bamba linalofuata. Kwa hiyo anzeni na bamba zima lililo juu ya yaliyoharibika. Dukani ulizieni kifaa cha kufungulia saidingi, kijichuma bapa chenye ndoano. Kiingizeni chini ya mdomo, vuteni kuelekea chini, kisha telezesheni kando. Mtausikia ukiachia, tak, tak, tak, hadi mwisho wa ukuta. Sasa misumari inaonekana, ing'oeni.

Mkiwa hapo, kagueni ile karatasi ya kuzuia maji iliyo nyuma. Saidingi peke yake hupitisha maji, kwa hiyo palipochanika pazibwe kwa utepe wake.

Sasa misumari. Mimi nilijifunza kwa mafundi wa mabati huku Eastlands: piga hadi ushike. Nikapiga hivyo mwezi wa nne, ukuta ukanyooka kama rula. Mwezi wa saba jua lilipowaka, ukafura mawimbi kutoka kona hadi kona. Bamba la futi 12 hurefuka na kufupika zaidi ya sentimita moja kati ya baridi kali na joto la kiangazi, na mimi nilikuwa nimelibana kila upande. Msumari usioshika kutu uingie katikati ya tundu, na kichwa chake kiachwe mbali na bamba kwa milimita 1 hivi. Kila ncha iachiwe nafasi ya milimita 6 ndani ya mfereji wa kona, ule unaopokea ncha za mabamba. Kisha shikeni bamba mlisukume kushoto na kulia. Lisiposogea, legezeni misumari.

Msifanye kazi hii kwenye baridi, vinili huvunjika kama biskuti. Na bamba jipya halitafanana na ukuta uliofifia kwa jua. Toeni la zamani nyuma ya gereji mlitumie hapo, jipya liende gereji. Jiko nalo likae futi 10 kutoka ukutani.

Minneapolis tena

Yanasogea! Asante sana kaka. Ila upande wa jirani kuna bamba limejikunja, na jiko halijawahi kufika huko.

Nairobi

Tazameni dirisha la jirani linaloelekea hapo. Vioo vya kisasa vya kuhifadhi joto huakisi jua likiwa limekusanyika, na hilo latosha kulainisha vinili. Zungumzeni naye kwanza aweke wavu kwa nje, ndipo mbadilishe bamba.