Vyuo vya mtandaoni, kwa nini mnafuta potifolio zetu tukishahitimu?

Assalaam aleikum wanajukwaa, na salamu kwenu nyote. Nina hasira na sina haja ya kuzificha, kwa hivyo mnivumilie uzi ukiwa mrefu.

Mimi ni mwalimu, mkaazi wa Amu. Nimesomea ualimu kwa njia ya mtandao katika chuo kimoja cha bara. Juzi shule moja ya Malindi iliniomba linki ya potifolio yangu, yaani mkusanyo wa kazi zangu za ualimu mtandaoni, kabla ya usaili. Nikaituma kwa furaha, maana ile ndiyo kazi ninayojivunia kuliko cheti chenyewe. Mwalimu mkuu akanipigia: "Mwalimu, hapa panataka nenosiri." Kufungua mwenyewe, akaunti haipo. Nikawaandikia chuo. Jibu lao lilikuwa la mistari miwili: akaunti za waliohitimu hufungwa na yaliyomo hufutwa, ndiyo sera.

Sera gani hiyo? Wakati wa masomo tuliimbiwa kila muhula kwamba potifolio ya kielektroniki si faili la mtihani. Tukaambiwa ni kazi ya mwalimu ya maisha: unakusanya, unachagua kilicho bora, unaeleza kwa nini umekichagua, kisha unamwonyesha mwajiri. Mimi niliwaamini, na bado naamini hivyo. Fundi wa majahazi wa Matondoni, hapa kisiwani Amu, hahitaji kujieleza sana, anayetaka kumpa kazi anakwenda mwenyewe kuliona jahazi lake. Sisi walimu kazi yetu haionekani ufukweni. Somo likishaisha limekwisha, na kinachobaki ni kile tulichokirekodi na kukiandikia.

Mazoezi ya kufundisha nilifanyia Siyu, kisiwa cha Pate. Anayeijua njia ya Mtangawanda anajua maana ya kungojea maji yajae ndipo boti iondoke. Nilikuwa nikifundisha mchana, usiku napakia video za masomo kwa bando langu mwenyewe, moja ikipanda hadi alfajiri. Tafakuri za kila wiki tulilazimishwa kuziandika moja kwa moja ndani ya mfumo, hakuna kuambatanisha faili, eti tusije tukanakili. Humo humo ndimo mhadhiri alimokuwa akijibu. Kuna maoni yake kuhusu somo langu la sehemu, darasa la tano, yaliyobadilisha namna ninavyofundisha hesabu mpaka leo. Yote hayo hayana nakala popote kwa sababu mfumo wao haukuruhusu yawe na nakala.

Nilipowabana kwa simu wakasema tatizo ni nafasi ya kuhifadhi. Haya, tuzungumze nafasi. Google, inayovihifadhia vyuo faili zao, ilitangaza Februari 2021 kwamba hifadhi isiyo na kikomo kwa taasisi za elimu inaondolewa, na kwamba kila taasisi itapata terabaiti 100 za kugawana, kuanzia Julai 2022 kwa waliokuwa wateja tayari. Naelewa kwamba chuo chenye maelfu ya wanafunzi na video zao lazima kibanwe hapo. Lakini tangazo lilikuja mapema, vyuo vilikuwa na zaidi ya mwaka wa kujipanga! Google hiyo hiyo ina njia ya mwanafunzi kuhamisha faili zake kutoka akaunti ya chuo hadi akaunti yake binafsi kabla haijafungwa, ila msimamizi wa chuo anaweza kuizima. Kwetu sisi hakuna aliyetuambia kwamba njia hiyo ipo.

Na msiniambie teknolojia ya potifolio ndivyo ilivyo. Mahara ni programu huria ya potifolio iliyoanzishwa New Zealand mwaka 2006, na vyuo vingi huiunganisha na Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni. Ndani yake mwanafunzi anaweza kutoa potifolio yake nzima kama kurasa za HTML zinazofunguka kwenye kompyuta yoyote bila intaneti, au katika muundo wa Leap2A ili aipeleke kwenye mfumo mwingine unaoupokea. Kwa hivyo jambo hili linawezekana, na limewezekana kwa miaka mingi. Chuo kilichochagua mfumo usio na mlango wa kutokea kilichagua hivyo kwa niaba yangu, na ada nikalipa mimi.

Lakini linaloniuma zaidi ni watoto. Zile video zina nyuso za watoto wa Siyu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa data za mtoto, basi nilizunguka nyumba kwa nyumba. Babu mmoja aliniuliza, "Mwanangu, picha ya mjukuu wangu itakwenda wapi?" Nikamjibu kwamba itakaa kwenye potifolio yangu, chini ya jina langu, na akitaka iondolewe aniambie tu. Leo akiniambia nitamjibu nini? Chuo kinasema zimefutwa. Nimeomba uthibitisho wa maandishi kwamba zimefutwa kweli, na nakala za akiba pia, sijapewa. Nilikopa imani ya wale wazazi kwa jina langu, chuo kikaichezea.

Aliye karibu na chuo angalau ataingia ofisini akakaa mpaka asikilizwe. Mimi nivuke hadi Mokowe, nipande basi mpaka Mombasa, kisha nianze safari ya bara, kwa ajili ya kazi niliyoambiwa itasomwa kwa mtandao!

Ninachodai ni hiki: tupewe notisi ya miezi, si siku, kabla ya kufunga akaunti, na kitufe cha kupakua kila kitu pamoja na maoni ya wahadhiri. Video za watoto ziwe na tarehe ya kufutwa inayojulikana tangu mwanzo, na mwalimu aliyeomba ridhaa aarifiwe zikifutwa.

Nyongeza: kuna ndugu hapo chini ameandika kwamba potifolio ni mali ya chuo kwa kuwa iko kwenye seva yao. Kaka, soma kifungu cha 38 cha ile ile Sheria ya Ulinzi wa Data. Mtu ana haki ya kupokea data zake binafsi alizompa mwenye kuzihifadhi, katika muundo unaosomeka na mashine, na ombi lake lishughulikiwe ndani ya siku 30. Seva ni yao, sura yangu na maneno yangu si yao.

Barua yangu ya kuomba data kwa kifungu hicho imeshatumwa, wasiponijibu napeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Mliosoma kwa mtandao na mkafungiwa kama mimi, hasa walimu wa Lamu, Tana River na Kilifi, andikeni hapa chini chuo kilikujibuni nini. Na mlio mwaka wa mwisho, ingieni leo mkatafute hicho kitufe. Msipokiona, ulizeni sasa, kwa maandishi, kabla ya mahafali.