Wakuu, mapenzi kwenye muvi za dunia kuisha yana kazi gani?

Kibatari: Wakuu habarini. Jana nimerudia WALL-E na mwanangu, ile katuni ya 2008, aisee zamani niliichukulia ya watoto tu. Dunia imejaa taka mpaka watu wamekimbilia kwenye meli angani, kampuni moja ndo inauza kila kitu na ndo serikali hiyohiyo, kabaki kiroboti kimoja, ndo WALL-E mwenyewe, kinagandamiza taka kinapanga maghorofa, miaka 700. Anatokea roboti mwenzake EVE, mweupe kama friji jipya, jamaa kazama mazima. Sasa hayo mapenzi ya nini, au ni sukari ya kumezea dawa?

Chapati Mbili: Sio sukari mkuu. EVE akishaupata ule mche aliotumwa kuutafuta, ule WALL-E aliouweka kwenye kiatu, si anazima kama simu iliyoisha chaji? Mvua inapiga, jamaa kamshikia mwavuli, radi inampiga yeye. Hapati chochote pale. Dunia imeuliwa na watu wa "mimi napata nini" halafu kinachobaki ni kopo la kutu linalotoa bila kudai. Na kule kwenye meli kila mtu kiti kinaelea, skrini usoni, kikombe mkononi, yule abiria Mary skrini yake ilipozima ndo anashtuka kumbe kuna bwawa la kuogelea, miaka yote yupo humohumo!!

Mgeni Rasmi: Sawa ila hiyo ni ya Pixar, studio ya katuni ya Disney haohao. Wametuhubiria tusinunue ovyo halafu wakauza midoli ya WALL-E ya plastiki. Nenda kaitafute leo, iko dampo 😂

Mama Zuu: @Mgeni Rasmi umeua 😂 Basi tafuteni muvi inaitwa Pumzi ya Wanuri Kahiu, Mkenya, 2009, fupi tu. Vita vya maji vimepita, watu wanakunywa jasho na mkojo wao uliosafishwa. Asha anatoroka na mche, anaumwagia maji yake ya mwisho, anakamua mpaka jasho, kisha anaulalia kivuli. Hakuna mwanaume wa kumbembeleza humo lakini mimi nililia kuliko kwenye tamthilia zote za saa tatu usiku.

Kibatari: Naishusha leo Mama Zuu. Chapati umenikumbusha, kuna pale WALL-E anaokota pete ya almasi, anaitupa anabaki na kiboksi chake. Dogo kacheka kweli, ila mama yake kasikia almasi imetupwa katoka jikoni na mwiko mkononi, "rudisha nyuma nione".