Naomba ushauri: wanafunzi wanajaza 5 kila mahali kwenye tathmini ya wahadhiri

Habari zenu wakuu, hasa mlioko vyuo vya umma. Mimi ni mhadhiri msaidizi, idara imenipa na kazi ya kuratibu uthibiti ubora (hamna posho, ila hilo tuliache). Tunaandaa ripoti ya kujitathmini kabla mtaala haujaenda TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), na data ya wanafunzi ni majanga. Fomu iko onlaini na mwanafunzi asipojaza haoni matokeo yake, sasa anachofanya anabonyeza 5 zote (alama ya juu kabisa) fasta aone kama ana sup (mtihani wa marudio), hadi mwalimu ambaye kila mtu anajua haingii darasani semista nzima naye ana 5, halafu mtahini wa nje akija anasoma skripti za mitihani tu, vipindi visivyofundishwa atavionaje?

Nimejaribu fomu za karatasi katikati ya semista, bila majina, maoni yakawa ya maana kweli. Ila wakubwa wakalalamika kwamba nawachunguza, na ma-CR (wawakilishi wa darasa) nao wanaogopa mwandiko wao utajulikana.

Naomba kujua mambo mawili. Kwenu mnapataje majibu ya kweli bila kufungia matokeo, maana tukilegeza tu hakuna anayejaza? Na maoni mabaya kuhusu profesa anapelekewa na nani, mkuu wa idara au kurugenzi ya ubora? Maana mimi ndo wananisimamia PhD maprofesa hao hao.