Naamini kodi ni wizi, na mimi ni mwana wa kanisa. Naombeni ushauri kabla ya Jumatatu

Kijana_Kamalondo:
Jambo wazee, jambo mama na dada. Mimi naongoza kwaya ya vijana kwenye kanisa letu hapa Lubumbashi. Siku hizi nasoma sana maandishi ya wale wanaoitwa walibertaria. Kwa wasiowajua: wanasema hakuna ruhusa ya kumtumia mwenzako nguvu wala kumnyang'anya chake, labda ukiwa unajikinga, na kwamba amri hiyo inaifunga Leta, yaani serikali, sawasawa na inavyomfunga mwizi wa mtaani. Mfaransa Bastiat aliandika mwaka 1850 kwamba sheria ikifanya jambo ambalo raia akilifanya mwenyewe ni kosa, hapo sheria yenyewe imegeuka unyang'anyi. Nilipomsoma nikamkumbuka Samweli, 1 Samweli 8, anavyowahesabia Waisraeli atakavyovitwaa huyo mfalme wanayemlilia: wana wenu, mabinti wenu, mashamba, sehemu ya kumi, mwisho nyinyi wenyewe.
Swali: mtu anaweza kuamini haya na akasoma Warumi 13, inayosema tuwatii wenye mamlaka na kulipa kodi, bila kuruka mistari? Nijibuni kabla ya Jumatatu.

Mama_Unga:
Mwanangu, mimi sijui Bastiat. Najua Kasumbalesa. Unafika na mifuko yako ya unga kutoka Zambia, meza ya kwanza wanakuandikia risiti kwa kalamu ya wino. Meza ya pili mtu ana daftari la shule, anaandika kwa kalamu ya risasi, halafu anakuambia hiyo haina risiti, mama, hiyo ni ya chai. Meza ya tatu haina hata daftari. Ukifika mjini watu wanakuuliza mbona unga umepanda. Wizi ni wa meza ipi, ndilo swali langu mimi. Ile ya kwanza naweza kuivumilia.

Motari_Katuba:
Kama kodi ni wizi, wale wa rulaji, polisi wa barabarani, pale kwenye mzunguko tuwaite nani? Nauliza tu, niko na abiria.

Papa_Retrete:
Vijana mnasoma vitabu vya wazungu mnasahau ya hapa hapa. Babu zenu hawakuja kwenye migodi ya Union Minière kwa kupenda giza la chini ya ardhi. Mbelgiji alitoza kodi ya kichwa, na alitaka franka, si mihogo. Franka zilikuwa kwa mzungu, kwa hiyo ukamfuata mzungu. Walioikataa kodi hiyo kwa jina la Mungu, watu wa Kitawala, walipigwa marufuku na kupelekwa mbali na kwao. Simon Kimbangu alihubiri miezi michache tu mwaka 1921, akafia gerezani katika mji huu huu tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30 kifungoni. Pasta akinisomea Warumi 13, mimi huwa namwomba aendelee mpaka Matendo 5:29, "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu."
Halafu tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza biashara za wageni zipewe wana wa nchi. Mgreki aliyekuwa ananiuzia sabuni akaondoka na masanduku mawili, duka likapewa mkubwa mmoja aliyekuwa hajawahi kupima hata kilo ya chumvi. Aliuza kilichokuwemo, kikaisha, akafunga. Huyo Bastiat wako angekaa hapa angeandika kitabu kinene zaidi. Lakini Leta isiyokuwepo kabisa nimeiona pia, na siitaki.

Mwanasheria_Kampemba:
Tutenganishe mambo. Papa Leo XIII mwaka 1891 alitetea haki ya mtu kumiliki mali yake kwa nguvu kuliko wengi wenu mnavyodhani, lakini katika waraka ule ule akasema serikali ina wajibu wa kumlinda mfanyakazi. Pius XI mwaka 1931 akaongeza kwamba kile ambacho jamaa au chama kidogo kinaweza kujifanyia, mkubwa asikichukue. Hapo Mkristo na mlibertaria wanaweza kutembea pamoja kipande kirefu. Wanaachana kwa Ayn Rand, mwandishi aliyemkana Mungu waziwazi na kuona kujitoa mhanga kwa ajili ya wengine ni ubaya. Tena yeye mwenyewe hakutaka kuitwa mlibertaria. Wapo wengi wa kusoma kabla yake.

Dada_Ruashi:
Nyote mmejibu na hakuna aliyeuliza. Kaka, Jumatatu kuna nini?

Kijana_Kamalondo:
Dada, hilo ni jambo la familia tu, halihusiani na hoja. Nilitaka tuzungumzie msingi kwanza. Mathayo 17, Yesu anamuuliza Petro wafalme hutoza nani, wana wao au wageni? Petro anasema wageni. Yesu anasema basi wana wako huru. Halafu analipa ile kodi ya hekalu ili tusiwakwaze. Mimi naona hapo analipa kwa hiari, si kwa deni.

Dada_Ruashi:
Umejibu Petro, hukunijibu mimi. Jumatatu?

Kijana_Kamalondo:
Sawa. Mjomba amenipatia nafasi. Ni kazi ya Leta, upande wa kukusanya taksi, yaani hizo hizo kodi. Ninaanza Jumatatu.
Msicheke. Nina diplomi, na tangu nimalize masomo nakula bukari (ugali) ya mama yangu. Suti imeshashonwa. Na nikikataa, nafasi itachukuliwa na mtu asiyemjua Mungu. Si bora mimi?

Motari_Katuba:
Abiria wangu amesoma na yeye. Tumesimama pembeni tunacheka wote wawili.

Shemasi_Kenya:
Mwanangu, usife moyo. Watoza ushuru walimwendea Yohana kubatizwa, wakamuuliza tufanye nini. Hakuwaambia waache kazi. Luka 3:13, "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Basi. Nenda kazini, ukawe mwaminifu, na ukumbuke fungu la kumi.

Dada_Ruashi:
Shemasi, na Lawi katika Luka 5 aliyeacha vyote akaondoka pale forodhani umemficha wapi? Na Zakayo aliyerudisha mara nne? Yohana alikuwa akiongea na watu ambao tayari wako mezani. Huyu wetu bado yuko nje, anaiona meza kwa mbali na ameshavaa suti.

Kijana_Kamalondo:
Hata Zakayo, Biblia haisemi aliacha kazi. Soma vizuri.

Mwanasheria_Kampemba:
Kuhusu hilo la "bora mimi". Lord Acton, Mkatoliki na mpenda uhuru kweli kweli, alimwandikia kasisi wa Kianglikana mwaka 1887 kwamba madaraka huelekea kumharibu aliye nayo. Na alikuwa anasema habari za mapapa na wafalme, watu waliojiona bora. Mlibertaria anayetaka madaraka kwa sababu yeye ni mwema bado hajafika sura ya kwanza.

Mama_Unga:
Mwacheni mtoto apate kazi. Mnamlisha nyinyi?

Tomaso_BelAir:
Samahani wakubwa, mimi siamini hata neno moja la uzi huu. Kiongozi wa kwaya, mjomba, suti, mtoza ushuru, tena kila mstari una mlango wake wa Biblia? Huyu ni pasta anatafuta mfano wa mahubiri ya Jumapili, anatutumia sisi kama kamusi. Nani anaanza kazi ya Leta Jumatatu namna hiyo, bila dosie, yaani faili, kukaa kwanza? Mimi niliingia kama mpya, mwanangu akazaliwa, akatambaa, akaanza shule, jina langu bado lilikuwa halijarudi kutoka Kinshasa. Na jina lisiporudi hakuna mshahara. Kijana, andika hapa mshahara wako ni kiasi gani. Ukiandika namba nitajua unadanganya.

Motari_Katuba:
Pasta, tumekupata!

Shemasi_Kenya:
Kama ni pasta, angenukuu Malaki.

Papa_Retrete:
Mimi nimeandika yote yale ya Mgreki kwa ajili ya hadithi ya kutungwa?

Dada_Ruashi:
Kijana, uko kimya.

Kijana_Kamalondo:
Mimi si pasta. Tomaso, namba sina. Mjomba amesema mshahara utakuja majina yakipita, na kwa sasa nitajipanga.

Tomaso_BelAir:
Sasa nakuamini. Pole sana.

Dada_Ruashi:
Kujipanga ni nini, kaka? Sema kwa Kiswahili ambacho Mama Unga atakielewa.

Mama_Unga:
Nimekielewa. Ni meza ya pili.

Kijana_Kamalondo:
Mama, hapana. Mimi nitachukua kile tu mtu atakachotoa mwenyewe kwa moyo wake. Matabishi, yaani bakshishi, ya hiari si wizi, ni mapatano ya watu wawili walio huru. Ndivyo ulibertaria unavyosema.

Mwanasheria_Kampemba:
Hiari gani, wakati lori limezuiwa na ufunguo uko kwako? Mapatano yanataka pande zote mbili ziweze kusema hapana zikaenda zake. Na kumbuka hata Petro alimwambia Anania kwamba shamba lilikuwa lake, na fedha baada ya kuuza zilikuwa mikononi mwake. Hakulazimishwa na mtu. Huo ndio mfano wa hiari. Dereva mwenye mzigo unaooza juani hayuko hapo.

Kijana_Kamalondo:
Basi nile nini mpaka majina yapite?

Shemasi_Kenya:
Bwana atafungua njia.

Tomaso_BelAir:
Mimi mke wangu aliuza mitumba. Ndiye aliyefungua njia, tangu asubuhi mpaka jioni, jua na mvua. Mwenzangu wa biro hakuwa na mke wa hivyo, na mwaka ule ule akajenga. Chagua, lakini usimtaje Bastiat.

Papa_Retrete:
Sabuni ya yule Mgreki ilikuwa inatoa povu hata kwenye maji ya kisima. Siku hizi hakuna.

Motari_Katuba:
Papa, ile ya miche mirefu? Soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, bado ipo, ila inakatwa vipande.

Mama_Unga:
Kijana, nijibu moja tu. Wamekuweka Kasumbalesa au hapa mjini? Alhamisi nina mifuko inavuka, nataka kujua nipite wapi.

Kijana_Kamalondo:
Bado hawajaniambia, mama. Lakini ukinikuta mezani, tafadhali usiniite kiongozi wa kwaya mbele za watu.